Mchuuzi wa Jabali la Lebanoni na Mwenye Duka wa Washington Heights

Tarehe 16 Agosti 2020, mjini Santo Domingo, aliapishwa kuwa rais wa Jamhuri ya Dominika bwana mmoja aitwaye Luis Abinader, tajiri mwenye biashara ya mahoteli, ambaye babu yake mzaa baba alitoka Baskinta, kijiji kilichoko juu katika milima ya Lebanoni. Wala yeye hakuwa wa kwanza wa asili hiyo kukikalia kiti kile, kwani mwaka 1982, rais Antonio Guzmán alipojiua huku muda wake wa kutawala umebakia wiki chache tu, makamu wake Jacobo Majluta, naye mwana wa Kilebanoni, alishika hatamu za dola kwa siku 43 mpaka rais mpya aliyechaguliwa alipopokea. Mwaka alioapishwa Bwana Abinader, Wadominika zaidi ya milioni mbili, ukiwahesabu pamoja na watoto wao waliozaliwa ugenini, walikuwa wakiishi Marekani, na wengi wao walikuwa wakiamka alfajiri kwenda kufungua maduka madogo, kuendesha teksi, kuwaogesha vikongwe wa watu wengine, au kufagia ofisi kabla wenye ofisi hawajafika. Mjukuu wa mgeni amekuwa mkuu wa nchi, na mjukuu wa mwenyeji wa nchi hiyo hiyo amekuwa kibarua katika nchi ya watu.

Huko Marekani kwenyewe, ambako jamaa zote mbili zipo, hesabu za serikali huonyesha jambo lisilofichika: kaya za watu wa asili ya Lebanoni zina kipato kinachopita kile cha wastani wa taifa, na kaya za Wadominika ziko chini yake. Watu wanapotafuta sababu, jawabu lililo jepesi, ambalo hutolewa hata katika baraza za wenye elimu, ni kwamba Mlebanoni ana tijara katika damu yake tangu zama za Wafoinike, ilhali Mdominika ni hodari wa muziki na besiboli. Jawabu hilo lina utamu wa masimulizi, walakini ukilishika mkononi halina uzito. Mimi naona, na nitajaribu jioni hii kuwaonyesha, kuwa jamaa hizi mbili ziliachana pale kila moja ilipoingilia: mmoja alipokewa kwa mali kauli, mwingine kwa ujira wa wiki, na sheria za nchi, kwa nyakati mbalimbali, zikamfungulia mmoja na kumbana mwingine, aghalabu bila ya yeyote kati yao kuulizwa.

Tuanze na Jabali. Katika karne ya kumi na tisa, milima ya Lebanoni ilikuwa nchi ya mforsadi. Wakulima waliupanda mti huo kwa ajili ya majani yake, wakawalisha nayo viwavi wa hariri, na nyuzi zikasafirishwa kwenda Lyon, Ufaransa, kufumwa nguo za mabibi wa Ulaya. Na mkulima, ambaye zamani aliishi kwa ngano yake na mizeituni yake, akawa anaishi kwa bei iliyokatwa katika mji ambao hataufika. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, hariri ya Uchina na ya Japani ikafika Ulaya kwa wepesi na kwa wingi, bei ikaporomoka, na wakati huo huo watu walikuwa wameongezeka kuliko mashamba, kwa kuwa baada ya fitina na mauaji ya mwaka 1860 Jabali lilipata miaka mingi ya amani. Kijana mwenye kaka wanne na konde moja alishuka Beirut, akapanda meli ya Marseille, kutoka huko akapelekwa na mawakala kokote walikokuwa na nafasi: New York, São Paulo, Dakar, au nchi ya Wadominika. Hati yake ya safari ilikuwa ya dola ya Uthmani, hivyo Amerika ya Kilatini yote ikawaita Waturuki, jina lililowachukiza kwa kuwa wengi wao walikuwa Wakristo waliouacha utawala huo huo, na baada ya mwaka 1909, serikali ya Uthmani ilipoanza kuwaandikisha jeshini na vijana wa Kikristo, waliukimbia kwa haraka zaidi.

Sasa sikilizeni alichokikuta huyo aliyefika New York. Katika mtaa wa Washington Street, sehemu ya chini ya Manhattan, walikuwako wenye maduka ya jumla waliotoka vijiji vile vile vya Jabali, na kazi yao ilikuwa kumpa kila mgeni sanduku lililojaa sindano, nyuzi, vifungo, kimia, rozari, na misalaba iliyosemwa kuwa imetoka Nchi Takatifu, bila ya kumtaka senti moja. Atembee mashambani, auze, arudi alipe, achukue tena. Mchuuzi hakuulizwa ana fedha kiasi gani. Aliulizwa ni mwana wa nani, na jibu la swali hilo ndilo lililokuwa dhamana yake, kwani asingeweza kutoroka na mali bila ya mama yake kule mlimani kushindwa kwenda kisimani kwa aibu. Wanawake nao walichuuza, na mashuhuri kati yao ni mama wa mshairi Khalil Gibran, aliyefika Boston na watoto wake mwaka 1895 akazunguka na mzigo wa kimia na vitambaa. Mwanahistoria Alixa Naff, ambaye mwenyewe alizaliwa Lebanoni, alitumia miaka mingi kuwahoji wachuuzi hao walipokuwa wazee, akazihifadhi kauli zao, na anayezisoma hukuta zaidi habari za miguu kuvimba, mbwa wa mashamba, na usiku uliolaliwa ghalani, kuliko habari za Wafoinike.

Msikilizaji wa Mombasa au Unguja hatastaajabu kwa hayo, maana amewaona Washihiri waliokuja na kikoi kimoja, wakabeba maji na mizigo ya watu, kisha baada ya miaka wakaketi nyuma ya mizani katika duka lao wenyewe. Linalopaswa kutazamwa ni fursa ya wakati ule. Mashamba ya Marekani ya siku hizo yalikuwa mbali na maduka, mke wa mkulima alihitaji uzi na hakuwa na wa kumletea, na mchuuzi aliyebisha hodi alikuwa amebeba soko zima mgongoni, asilipe kodi ya pango wala mshahara wa mtu. Posta na makampuni ya kuuza kwa barua yalipoanza kumnyang'anya kazi hiyo, alikuwa tayari ana akiba, akafungua duka; mwanawe akafungua la jumla; na wengine wakafika hadi kuwa na viwanda, kama J. M. Haggar, mzaliwa wa Jezzine, aliyeanzisha kiwanda chake cha suruali mjini Dallas mwaka 1926, au ukoo wa Farah wa El Paso. Na huyo Farah anafaa kukumbukwa kwa jambo jingine: mwaka 1972 wafanyakazi wake wapatao 4,000, wengi wao wanawake wa asili ya Meksiko, waligoma wakidai haki ya kuwa na chama, na mgomo ukaendelea hadi mwaka 1974. Jamaa ya wachuuzi sasa ilikuwa upande wa pili wa meza.

Nisije nikadhaniwa, hata hivyo, kuwa nasema kila Mlebanoni alipewa sanduku. Upo mji uitwao Lawrence, katika jimbo la Massachusetts, kando ya mto Merrimack, uliojengwa katikati ya karne ya kumi na tisa kwa kusudi moja tu la kufuma nguo, na humo Walebanoni, ambao siku zile waliitwa Wasiria, waliingia mitamboni pamoja na Waitalia, Wapolandi na Walituania, wanaume, wanawake na watoto. Ujira wa wastani haukufika dola 9 kwa wiki. Januari mwaka 1912 sheria ya jimbo ilipunguza saa za kazi za wanawake na watoto kutoka 56 kwa wiki hadi 54, na matajiri wa viwanda wakaona ni halali kupunguza na ujira. Upungufu wenyewe ulikuwa senti thelathini na kitu, thamani ya mikate kadhaa, na kwa ajili ya mikate hiyo watu zaidi ya 20,000 waliacha kazi katikati ya barafu, wakakaa nje hadi Machi. Katika mgomo huo alikufa mwanamke wa Kiitalia aitwaye Anna LoPizzo kwa risasi, na siku moja baadaye akafa kijana wa Kisiria, John Ramey, kwa singe ya askari. Yeyote anayesema kuwa Mlebanoni huzaliwa na ufunguo wa duka mkononi, na aulizwe kuhusu kijana huyo.

Katika miaka ya 1950 wenye viwanda vya Lawrence walikuwa wamekwisha kuhamia majimbo ya kusini, ambako ujira ulikuwa mdogo na vyama vya wafanyakazi havikupendwa, na majengo makubwa ya matofali mekundu yakabaki kando ya mto yakiwa nusu tupu. Watoto na wajukuu wa Wasiria wengi wakahamia miji ya jirani yenye bustani. Ndipo, kuanzia miaka ya 1960 na kwa wingi zaidi baadaye, walipoanza kuingia Wadominika na Wapuertoriko, wakapanga nyumba zile zile za mbao za ghorofa tatu, wakafanya kazi katika vile viwanda vichache vilivyosalia, na mwaka 1984, katika joto la Agosti, mtaa mmoja wa mji huo ukalipuka kwa ugomvi baina yao na wazungu maskini waliobaki. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha wakazi wapatao 89,000, wanane katika kila kumi wakiwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na Wadominika ndio wengi wao. Mwaka 2009 mji ulimchagua William Lantigua, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, kuwa meya. Na alikabidhiwa hazina iliyofilisika kiasi kwamba mwaka uliofuata serikali ya jimbo iliweka mwangalizi juu ya fedha za mji, na mwaka 2011 ikaziweka shule zote za mji chini ya mkono wake.

Nimekaa sana Lawrence kwa sababu hapo ndipo kulinganisha kunapokuwa kwa haki. Lau Mlebanoni wa mwaka 1912 na Mdominika wa mwaka 1980 wangalikutana katika ngazi za nyumba moja ya ghorofa tatu, wasingaliona kuwa kuna mengi ya kuwatenga: wote wawili wakulima waliotoka nchi ya milima, wote wawili watu wa kanisa na jamaa kubwa, wote wawili na mtoto aliyeachwa kwa bibi. Ila mmoja aliingia katika mji uliokuwa ukijengwa, kiwanda cha Wood kilichokuwa kikubwa kupita vyote kikiwa na umri wa miaka sita tu, na mwingine akaingia katika mji uliokwisha kuvuliwa mashine zake.

Tuwatazame sasa hao Wadominika huko walikotoka. Tangu mwaka 1930 nchi yao ilikuwa chini ya Rafael Trujillo, ambaye hakupenda watu wake wasafiri wakaenda kumsema, hivyo pasipoti ilikuwa tunu ya wachache. Na kabla yake, tangu mwaka 1916 hadi 1924, nchi ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Marekani, ambayo chini ya utawala wao sheria mpya ya kuandikisha ardhi ya mwaka 1920 ilirahisisha kampuni za sukari kuyapata mashamba ya watu waliokuwa wakilima kwa desturi, bila ya karatasi. Zingatieni hapo, wasikilizaji, kwa sababu katika miaka hiyo hiyo Mlebanoni wa San Pedro de Macorís, mji wa bandari wa sukari, alikuwa akistawi. Bei ya sukari ilipaa baada ya vita kuu ya kwanza, vibarua wa mashamba walikuwa na senti mifukoni siku ya mshahara, na aliyekuwa amesimama karibu yao na shuka na sufuria, mwenye jamaa waliokuwa tayari kumkopesha bidhaa, alipata neema. Wafanya biashara wa kienyeji walimlaumu kuwa anauza rahisi mno, wakaiomba serikali imzuie. Hakuna ajabu, mwenye kukopeshwa na jamaa yake bila ya riba huweza kuuza rahisi kuliko mwenye kukopa benki. Basi mageuzi yale yale ya sukari yalimtoa Mdominika katika shamba lake na kumweka Mlebanoni katika duka lake.

Trujillo aliuawa tarehe 30 Mei 1961. Juan Bosch, aliyechaguliwa baada yake kwa kura halali, alipinduliwa Septemba 1963; Aprili 1965 watu wa mji mkuu walishika silaha wakitaka arudishwe, na Marekani ikashusha askari zaidi ya 20,000. Wanahistoria wengi wanakubali kuwa baada ya hapo ubalozi wa Marekani ulitoa viza kwa ukarimu usio wa kawaida, ili vijana wenye hasira wapate kupozwa kwa safari. Na Oktoba ya mwaka huo huo sheria mpya ya uhamiaji ilifungua njia kwa ndugu kumfuata ndugu. Wadominika wakafika New York, wakajaa Washington Heights kaskazini mwa Manhattan, na wanawake wao wakakaa kwenye cherehani katika viwanda vya nguo. Mji huo ulikuwa na kazi za viwandani zinazokaribia milioni moja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ilipofika mwaka 1990 haikubaki hata nusu yake. Wadominika walikuja kuinunua tikiti ya gari lililokuwa likimalizia safari zake.

Walichofanya baada ya hapo kinapaswa kuwanyamazisha wanaowaita wavivu. Maduka madogo ya pembeni, yaitwayo bodega, yalikuwa mikononi mwa Wapuertoriko, na hao walipoanza kuzeeka katika miaka ya 1970 na 1980 Wadominika waliyanunua moja baada ya moja, kwa fedha ya mjomba, kwa deni la muuzaji mwenyewe, na kwa kile wanachokiita san, ambacho mama yeyote wa Kiswahili angekitambua mara moja kuwa ni upatu: watu kumi na kitu wanachanga kila wiki, na kila wiki mmoja anachukua zote. Makampuni makubwa ya vyakula yalipoyakimbia maeneo yenye umaskini na ujambazi, Wadominika waliyachukua na majengo ya makampuni hayo, wakafanya masoko makubwa, hata wakaunda chama chao cha wenye masoko. Duka lilifunguliwa jua halijachomoza na kufungwa usiku wa manane. Humo mlikuwa na mchele, maharagwe, ndizi za kupika, bia, kadi za simu na tikiti za bahati nasibu. Na katika miaka ya kokeni ya mawe, mwenye duka na dereva wa teksi walihesabiwa kuwa miongoni mwa watu wanaouawa kazini kuliko wengi.

Kwa nini basi bodega haikuzaa kiwanda, kama sanduku la mchuuzi lilivyozaa? Nadhani jawabu kubwa ni kodi ya pango. Mchuuzi wa Jabali faida yake ilibaki mfukoni mwake. Mwenye bodega ana mwenye nyumba juu yake, na mtaa ukipata sifa, mkataba ukiisha, kodi hupandishwa hata mara mbili, na ile thamani aliyoijenga kwa miaka kumi kwa kuufanya mtaa ukalike huvunwa na mwingine. Tena mali yake hakuipata kwa mtu wa kijiji chake bali kwa makampuni ya usambazaji yasiyomjua mama yake. Wengi wameyauza maduka yao, na safari hii wanunuzi ni Wayemeni, ambao tarehe 2 Februari 2017 waliyafunga maduka yapatayo 1,000 mjini New York kuipinga amri ya rais wa Marekani ya kuwazuia watu wa nchi yao kuingia.

Nimeitaja sheria tangu mwanzo, na sasa niseme wazi. Sheria ya uraia ya Marekani ilikuwa ikiwaruhusu kuwa raia wageni wazungu na wa asili ya Afrika tu. Na Wasiria, ambao mahakimu mbalimbali walikuwa wakiwakataa na kuwakubali kwa zamu, walipata hukumu ya mwisho mwaka 1915 katika kesi ya mtu aitwaye George Dow, ambamo mahakama ya rufani iliamua kuwa wao ni wazungu. Hukumu hiyo ilikuwa na thamani ya fedha taslimu. Mtu aliyehesabiwa mzungu aliweza kununua nyumba katika mtaa ambao benki inakubali kuukopesha; na wanawe waliopigana vita kuu ya pili, chini ya sheria ya maaskari ya mwaka 1944, walipata kwa wepesi mkopo wa nyumba na ada ya chuo kikuu, mambo ambayo mwenzao mweusi aliyepigana pamoja nao aliyapata kwa taabu au hakuyapata kabisa. Mdominika, ambaye kwao rangi huhesabiwa kwa daraja nyingi na majina mengi, alipofika Marekani alikuta daraja mbili tu, na akaambiwa yake ni ipi.

Ipo sheria nyingine ambayo naiona kuwa na athari kubwa zaidi, wala haitajwi sana. Mwaka 1924 Marekani iliweka idadi ya wageni watakaoruhusiwa kutoka kila nchi, na Siria, ambayo ndani yake Lebanoni ilihesabiwa, ikapewa watu 100 kwa mwaka. Ilikuwa dhuluma kubwa kwa jamaa zilizokatika katikati ya bahari. Lakini tazameni ilivyofanya katika hesabu: kwa miaka arubaini jamaa ile haikupokea maskini wapya ila wachache mno, wazee wakafa, watoto wakasoma, na wastani ukapanda mwaka hadi mwaka kama vile watu wote wamepata busara kwa pamoja. Wadominika hawajapata kufungiwa namna hiyo. Kila mwaka anakuja binamu mpya, asiye na lugha wala akiba, na yeye huingizwa katika wastani ule ule pamoja na daktari aliyezaliwa Bronx. Ukichukua watoto wa Wadominika waliozaliwa Marekani peke yao, utawakuta wamewapita wazazi wao kwa elimu na kipato, na miongoni mwa waliokuja wakiwa wadogo yumo Adriano Espaillat, aliyewahi kuishi bila ya hati halali, akachaguliwa mwaka 2016 kuingia bunge la Marekani.

Haki inanidai niseme pia kuwa wakati na sheria havimalizi habari yote. Walebanoni waliokuja baada ya vita vya nyumbani kwao kuanza mwaka 1975 wengi walikuja na shahada, kwa kuwa Beirut ilikuwa na chuo cha Wamarekani tangu mwaka 1866 na cha Wajesuti tangu 1875, na mganga aliyesomea huko aliweza, baada ya mitihani na mafunzo ya hospitali, kuvaa koti jeupe mjini Houston. Nchi ya Wadominika haikuwa na urithi wa shule za namna hiyo kwa watu wake wa mashambani. Na hata hivyo, katika mwongo huo huo, watu wa Lebanoni ya kusini, Waislamu wa Kishia waliokimbia mizinga, walikuwa wakishuka Dearborn, jimbo la Michigan, wakatafuta kazi katika viwanda vya magari na kibarua katika vituo vya petroli, na dhiki yao ya miaka ya kwanza haikuwa ndogo kuliko ile ya Washington Heights. Neno Mlebanoni katika daftari la serikali linawafunika wote wawili, mganga na kibarua.

Inabaki habari ya fedha inayorudi nyumbani. Wadominika walioko ughaibuni hupeleka kwao dola zaidi ya bilioni 10 kila mwaka, sehemu kubwa kutoka Marekani, nazo huenda kwa vipande vidogo vya dola mia, dola mia mbili: dawa ya mama, ada ya shule, mifuko ya saruji ya kumalizia chumba. Wanauchumi huzilaumu fedha hizo kuwa zinaliwa tu, hazijengi rasilmali. Walebanoni nao hupeleka dola zipatazo bilioni 6, lakini kwa miongo kadhaa matajiri wao walifanya zaidi ya hayo: waliweka akiba zao katika mabenki ya Beirut, yaliyokuwa yakitoa faida kubwa kuliko benki nyingi za Ulaya, na lira ilikuwa imefungwa kwa dola tangu mwaka 1997 kwa kiwango cha 1,500 na kitu, kana kwamba kimechongwa katika jiwe. Oktoba 2019 mabenki yalifunga milango. Machi 2020 serikali ikashindwa kulipa madeni yake ya nje kwa mara ya kwanza katika historia yake. Na lira ikaanguka hadi ikafika wakati dola moja ilinunuliwa kwa lira 90,000. Wadominika walikuwa wameonja kitu cha jinsi hiyo mwaka 2003, benki yao moja kubwa, Baninter, ilipofilisika na peso ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Ila yule dereva wa teksi aliyekuwa akipeleka dola mia mbili kwa mwezi hakudhurika, bali dola zake zilimnunulia mama yake peso nyingi kuliko mwezi uliotangulia.

Leo Mlebanoni anayekwenda kwao wakati wa kiangazi hubeba dola mfukoni, kwa ajili yake na kwa ajili ya jirani zake waliompa bahasha, kwa kuwa wengi hawapendi kuzipitisha benki. Wenye akiba zilizokwama wamekimbilia mahakama za nje, na Februari 2022 mahakama ya London iliamuru mabenki mawili ya Beirut yamlipe mteja mmoja dola milioni nne. Maelfu ya wengine, wasio na wakili wa London, wangali wakingoja. Kesi za namna hiyo Wadominika hawana. Fedha zao zilikwisha kuliwa.